Bi Panya na Magadi Matopeni

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Tope?

Likakanyagwa!

Na nani? Hamjui. Basi tulieni.

Alikuwapo Bi Panya, mjane mwenye wana saba. Alikaa bondeni, kwenye udongo wa mfinyanzi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Akajenga nyumba, ikaporomoka, puu. Akajenga tena, ikaporomoka, puu.

Nyati alikuwa na kilima kizima, na bado hakushiba. Akashuka akasema, "Masika yakikukuta huna nyumba iliyosimama, uhame na wanao. Bonde nalitaka mimi."

"Haya, mjomba," akajibu Bi Panya. Usingizi ukampaa.

Sasa huko kwao, siku ya kukandika nyumba majirani hukanyaga tope pamoja, kisha hula pamoja. Kukanyaga, Nyati hakuja hata siku moja. Kula, hakukosa hata siku moja.

Bi Panya akasimamisha fito. Akatafuna majani ya katani mpaka yakawa nyuzi, akazimwaga kwenye shimo la udongo pamoja na majivu na maji. Lakini akanyage kwa miguu gani? Yeye na wanawe saba wakiruka wote, tope halishtuki. Basi akapaka magadi kidogo ukingoni, akakaa, akaangua kilio.

"Unalia nini?" akauliza Nyati, akishuka kilimani.

"Bonge langu la magadi limezama humo, mjomba. Ni la watakaokuja kukandika. Tafadhali usiingie."

Nyati akaramba ukingo. Magadi kweli, chumvi aipendayo. Akaingia, pwata, pwata, pwata.

"Silioni."

"Labda huku, mjomba."

Pwata, pwata, pwata.

"Silioni."

"Labda kule, mjomba."

Mpaka jioni. Tena katikati ya kazi akaangusha samadi humo humo. Bi Panya akashukuru kimoyomoyo.

Kesho yake majirani wakakandika. Jua likakausha. Masika yakaja, na Nyati naye akaja. Akaegemea ukuta, puu haikuja. Akausukuma kwa pembe, puu haikuja.

"Udongo huu umeutia nini?"

"Nyuzi, majivu, samadi yako na miguu yako, mjomba." Bi Panya akatoa bakuli la uji dirishani. "Na aliyekanyaga hula. Pokea."

Hadithi yangu imekauka, asiyeamini aiegemee.

Basi wanangu, msidanganye. Bi Panya alidanganya, na mpaka leo yuko kwake, pakavu, na wanawe saba, anajuta huku anakoroma.