Mti Mweusi wa Chokaani

Hapo zamani, kabla saruji haijaja na mifuko yake, watu wa Chokaani walijivunia mawe yao kuliko wengine wanavyojivunia ng'ombe. Wakiona ukuta mweupe popote, husema, "Huo ni sisi." Lakini jiwe lenye doa jeusi waliliita jiwe mgonjwa. Halijengewi, halichomwi chokaa. Hutupwa jaani, wanawake wakalipondaponda kokoto.

Walipojenga msikiti wao, likabaki pengo moja kando ya mihrabu. Imamu akatangaza: "Mwenye jiwe la kuziba hapa, jina lake, moja tu, litatajwa katika dua kila Ijumaa, maadamu msikiti umesimama."

Mwasiti, mjane mponda kokoto, aliposikia hayo moyo ulimruka. Hakujaliwa mtoto. Akifa, nani atainua mikono amwombee?

Na jiwe alikuwa nalo. Mwaka uliopita alilipiga nyundo kule jaani, upande mmoja ukasagika, na juu ya upande wa pili akaona mti mweusi: shina, matawi, vitawi vyembamba kama nywele za kichanga. "Subhanallah!" Siku ile hakuponda tena, akalala na njaa.

Akalipeleka kwa fundi Mgaza, mchonga mawe. Siku ya arobaini wakalifikisha msikitini.

Imamu akashtuka. "Nani kachora?"

"Hakuna mkono wa mtu hapo, Shehe," akasema Mgaza. "Wala si mti. Ni maji ya ardhini yaliyobeba weusi, yakapenya kwenye ufa, yakatambaa hivyo hivyo."

Watu wakapiga takbiri. Kijiji gani kingine kina jiwe lililochorwa na Mola mwenyewe?

Mara Mbaruku mchimbaji akajipenyeza mbele. "Jiwe langu hilo! Nalijua kwa mshipa wake mwekundu ubavuni. Nimelitoa shimo la chini, pale mwamba ulipoporomoka, nyote mkakataa kushuka. Nilifungwa kamba kiunoni kama mbuzi!"

"Na ukalitupa," akasema Mwasiti.

"Lilikuwa na doa, mama. Ungekuwa wewe ungelibusu?"

Watu wakacheka. Mwasiti hakucheka. "Bila mimi lingekuwa kokoto, mnalikanyaga njiani." Kisha akakumbuka yuko nyumba ya nani, sauti ikapungua. "Lakini nisiseme uongo. Mwaka mzima nililificha uvunguni, nilitazame peke yangu. Mlikuwa mkihangaika kutafuta mawe ya msikiti, nikanyamaza. Nimelitoa kwa ajili ya dua. Mungu anisamehe."

Mgaza akakohoa. "Dada Mwasiti aliniletea akitaka nilisugue kwa mchanga na ndimu, ling'ae. Nikamshika mkono. Weusi huu ni mwembamba kuliko utando wa maziwa. Ukisugua mara tatu, kwaheri mti. Nimechonga kingo tu, siku arobaini, pumzi nimezibana."

"Ulijuaje, kaka?" Mwasiti akamuuliza.

Fundi akatazama miguu yake. "Niliwahi kupata jingine. Mti wake mkubwa kuliko huu. Nikalisugua, nikaufuta wote. Nikaona haya, sikumwambia mtu kwamba mawe wagonjwa yana miti ndani. Miaka kumi na tisa nimewaacha mkiyaponda."

Mwasiti akaitazama mikono yake yenye sugu. Miaka kumi na tisa! Ni miti mingapi aliyoivunja kwa nyundo yake mwenyewe?

Jiwe likaingia penye pengo, likakaa kama limezaliwa humo. Hata wazee waliokuwa wakilalama siku zote wakatembea vifua mbele.

Imamu akainua mikono. Mbaruku akainua yake, Mgaza yake, Mwasiti yake, kila mmoja akisubiri kusikia jina.

Nanyi mnaonisikiliza, msiniachie mimi, maana mimi nimeshindwa: aliyeshuka shimoni akalitupa, aliyeweka nyundo chini akalificha, au aliyeulinda mti huu kwa sababu aliuua ule mwingine? Imamu ataje jina la nani?