Uji wa Kombo na Wageni wa Pole

Haya, we uliyesimama, kaa. Na we wa huko nyuma, acha kuchokonoa moto, kaa usikilize. Nikisema "Sufuria!" nyie mnaitikia "Ifunikwe!" Sawa?

Sufuria!

Ifunikwe!

Hamjala nini leo? Sufuria!

IFUNIKWE!

Hapo sawa.

Zamani sana, zamani zile wanyama wanajenga karibu karibu na kila mtu anajua jirani kapika nini, kulikuwa na digidigi jike, jina lake Siwema. Mumewe anaitwa Kombo. Wanaishi wawili tu, hawana mtoto, hawana neno na mtu.

Basi Kombo akaumwa. Homa ya kutetemeka! Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu hakula. Siwema kamletea majani laini, katapika. Kamletea ndizi mbivu kaiponda kabisa, katapika. Kamletea mchuzi, hata kuuangalia hakutaka. Kageukia ukutani, anasema kwa kasauti kadogo: "Siwema, mimi uji tu. Uji wa wimbi. Mwepesi. Wenye ukwaju."

Akaitwa mganga, Bibi Kobe. Akamshika Kombo paji la uso, akamwangalia ulimi, akatoka nje taratibu, unamjua mwendo wake.

"Mjukuu wangu, huo uji anaoutaka ndo dawa. Mpe. Lakini jua la leo likizama na tumbo lile bado tupu, mimi usiniite tena. Ita wachimba kaburi."

Siwema akachungulia kibuyu cha unga. Makonzi matatu. Mwaka ule mvua iligoma, unga hakuna kwa jirani wala kwa jirani wa jirani. Konzi moja, bakuli moja.

"Yatatosha," akasema.

Na yangetosha, bwana! Yangetosha kabisa, kama si wageni.

Maana kule walikuwa na kanuni yao: anayekuja kumjulia hali mgonjwa haondoki na tumbo tupu. Akiondoka hivyo, utasemwa mpaka uzeeke. Nani aliiweka kanuni hiyo? Hajulikani. Lazima alikuwa na njaa.

Asubuhi, Siwema akachukua konzi la kwanza. Akalivuruga na maji ya baridi lisifanye mabonge, akamimina kwenye maji yanayochemka, akakoroga, akakoroga, akakoroga. Akakamulia ukwaju. Harufu ikaingia ndani, pua ya Kombo ikacheza.

Ndo kwanza anamimina kwenye bakuli, huyo, Ngiri. Yeye, mkewe, na watoto wanne.

"Hodi wenyewe! Shemeji, poleni! Tumesikia jamaa yuko hoi!"

"Tumeshapoa, shemeji. Karibuni."

"Anakula?"

"Hali. Ndo nilikuwa nampelekea uji..."

"Uji!" Ngiri akacheka, meno yote nje. "Shemeji, uji wa watoto huo! Mgonjwa anataka supu ya mizizi, ya moto, pilipili mpaka makamasi yatoke! Hebu lete nionje kama una nguvu."

Akaonja. Mkewe akaonja. Watoto wanne wakaonja. Wakarudi kuonja. Bakuli likabaki jeupe.

"Hauna nguvu," Ngiri akasema, anajifuta mdomo. "Msalimie."

Wakaenda zao. Hata ndani hawakuingia! Siwema akaliangalia bakuli. Akaliangalia jua.

Sufuria!

Ifunikwe!

Si ndo mumwambie yeye!

Mchana, akapika konzi la pili. Safari hii kajanjaruka, uji kaufunika na ungo. Mara huyo, Shangazi Nyani. Kila mtu anamwita shangazi, na hakuna anayejua ni shangazi wa nani. Kaja na kiuno chake kinachouma.

"Mwanangu, poleni. Mbona nasikia ukwaju?"

"Hamna kitu, shangazi."

"Hamna kitu, na mvuke unatoka kwenye ungo?"

"Ni wa mgonjwa huo, shangazi. Mganga kasema..."

"Unanificha mimi? Mimi niliyekuja na kiuno hiki kumlilia Kombo? Jamaniii! Majirani! Siwema kanificha uji!"

Vichwa vikatokeza vichakani. Siwema akaona aibu, akafunua ungo. "Haya, kidogo tu, shangazi."

Nyani akanywa amekaa. Akanywa amesimama. Akaingiza mkono, akakomba sufuria.

"Mgonjwa mpe ndizi, mwanangu. Uji unajaza gesi." Akacheua. "Unaona?"

Siwema akaliangalia jua. Limeshainama.

Alasiri, konzi la mwisho. Akapika kwa haraka, hakuufunika, hakuupoza, kaushika mkononi, mguu mmoja umeshaingia ndani. Nyuma yake akasikia:

"Hodi humu."

Akageuka. Mama mkwe! Mama yake Kombo mzazi, katembea siku mbili, kwato zimepasuka, tumbo limeshikana na mgongo. Kafika uani, miguu ikakataa, akaketi chini puu.

Siwema akapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Yuko hai?"

"Yuko, mama. Ndo nampelekea uji. Wa mwisho huu."

Ndani Kombo kasikia. "Mama huyo? Kala?"

"Bado."

"Mpe huo uji."

"Kombo, huu wako!"

"Mama yangu katembea siku mbili, mimi nilale hapa nakunywa uji? Mpe mama."

Siwema akatoka. "Mama, kunywa."

"Mwanangu kala?"

"Bado."

"Basi siweki kitu mdomoni. Mpe mwanangu."

Na mama mkwe mwenyewe haingii chumba cha mwanawe na mkewe, mwiko. Kwa hiyo nani mpita mlangoni? Siwema. Akaingia: "Mpe mama." Akatoka: "Mpe mwanangu." Akaingia: "Mpe mama." Akatoka: "Mpe mwanangu." Uji umeshaota utando. Jua limekaa juu ya kilima, limebaki kudondoka tu.

Siwema akasimama katikati ya mlango.

"BASI!"

Hata inzi wakatulia.

"Nimechoka! Tangu asubuhi napika, tangu asubuhi nasema karibuni, kunyweni, asanteni! Ngiri kanywa, Nyani kanywa, na nyie mama na mwana mnanipeleka na kunirudisha! Hautakiwi? Mimi pia sijala siku tatu, na hakuna aliyeniuliza! Nakunywa mimi!"

Akatia bakuli mdomoni. Funda la kwanza.

"Heee!" mama mkwe akaruka. "Uji wa mgonjwa!"

Funda la pili.

"Siwema! We Siwema!" Kitanda kikalia kwii.

Funda la tatu anataka kulivuta, huyo Kombo, katoka kwa magoti, blanketi kichwani, anatetemeka: "Lete hapa! Uji wangu huo!"

Mama mkwe kasahau miguu yake. Kalinyakua bakuli, kamshindilia mwanawe mdomoni. "Kunywa, baba! Kunywa kabla huyu mchawi hajaumaliza!"

Kombo akanywa. Akanywa mpaka machicha ya ukwaju. Jua likazama, tumbo halikuwa tupu. Na hakutapika. Kesho yake homa imekwisha.

Siwema akashukuriwa? Thubutu! Mama mkwe kapita nyumba kwa nyumba: "Mkwe wangu kanywa uji wa mwanangu anayekufa!" Ngiri akasema, "Mchoyo yule, tangu zamani." Nyani akasema, "Na mimi alinificha!"

Siwema akakunja mkeka. "Kombo, tunahama. Twende vichaka vya ndani kabisa."

Ndo maana mpaka leo digidigi utawakuta wawili wawili, na wakisikia mguu wa mtu, wanapiga firimbi, wametokomea. Watu wanasema mwoga yule. Mwoga wapi! Anadhani umekuja kutoa pole.

Fundisho lake: ukienda kumwona mgonjwa, nenda umeshiba. Uji wa mgonjwa ni wa mgonjwa, adabu itasubiri nje. Hadithi yangu imefika chini ya sufuria, anayetaka ukoko akwangue mwenyewe.

Ila we unayecheka hapo, niambie: bakuli moja, mumeo ndani, mkweo uani, jua linazama, kila mmoja anasema mpe mwenzangu. Ungefanyaje?