Nani Apewe Kofia ya Saumu?

Sogeeni. Nina fundo limenishinda kulifungua, nanyi mtanisaidia.

Wete, kisiwani Pemba, walikuwako wanawake watatu washona kofia. Kazija alikuwa na miguu: ukimtuma kitu, harudi mikono mitupu. Raya alikuwa na sauti. Akisoma kitabu, sindano husimama. Na Zuwena alikuwa na ulimi usiojua kudanganya, jambo lililomkosesha mashoga wengi.

Mwenzao wa nne, Saumu, aliwashinda wote kwa kushona, mpaka macho yakamwisha. Mumewe, Nassor, alikwenda Maskati miaka kumi na miwili iliyopita, akamwambia, "Nitarudi, mke wangu." Mwaka huohuo Saumu alisomewa kitabu cha jini Sharhani, aliyempenda binti wa watu aitwaye Zaina. Mwishoni Sharhani aliingia ukutani akiapa kurudi, na mwandishi akaahidi kitabu cha pili. Basi Saumu akawa anangoja wawili.

"Sharhani akirudi, na wangu atarudi," alikuwa akisema. Walimcheka, lakini yeye hakuwa akitania.

Hatimaye kitabu kikatoka. Kazija akapanda meli hadi Unguja, akatapika njia nzima, akasimama kwenye foleni tangu asubuhi hadi alasiri, akapata nakala ya mwisho. Akarudi nayo kifuani, chini ya buibui, mvua isiiguse.

Raya akasoma siku nne barazani, wenziwe wakishona. Ukurasa wa mwisho macho yake yakaitangulia sauti, akaona: Sharhani kaoa kwao ujinini, kamsahau Zaina. Akamtazama Saumu, aliyekuwa amezuia pumzi. Akasoma yasiyoandikwa: "Ukuta ukafunguka, Sharhani akasema, 'Nimerudi.'" Saumu akapiga kigelegele. Siku saba alitia hina, akafukiza udi, akatandika kitanda upya.

Siku ya nane Zuwena akakisoma kitabu mwenyewe. Akaenda, akamkuta Saumu anafua kanzu ya Nassor.

"Shoga, Raya kakudanganya. Sharhani hakurudi."

"Soma."

Akasoma. Saumu akalia mpaka kwikwi zikamshika. "Miaka kumi na miwili namngoja jini huyu! Mwandishi hana imani hata chembe." Kisha akasema, "Nisomee tena pale Zaina anapofunga dirisha. Kaandika vizuri, mshenzi huyu."

Jioni yake akawaita wote watatu. Akafungua kasha, akatoa kofia ya Nassor, ile kazi iliyommaliza macho.

"Haina kichwa tena," akasema. "Achukue aliyenifikisha mwisho wa kitabu changu."

Kazija akasema, "Bila miguu yangu, kitabu kingebaki Unguja."

Raya akasema, "Tangu Nassor aondoke, siku saba zile ndizo pekee alizocheka. Nilimpa mimi."

Zuwena akasema, "Na mngemwacha atandike kitanda hadi lini?"

"Ungemwacha tu!" Raya akamjibu, analia.

Wakamgeukia Saumu. Akatikisa kichwa.

"Msiniulize mimi. Mimi nilitaka arudi."

Nami hapo ndipo niliposhindwa. Kofia ni moja, wenye haki ni watatu, na mwenyewe hataki kuamua. Je, ingekuwa mikononi mwako wewe, ungemkabidhi nani?