Kifaru Aliyeoa Baiskeli

"Wa njiani wapo?"

"Wapo, na sikio wamelitandika!"

"Nimpitishe nani?"

"Mpitishe yeyote, mradi atuchekeshe!"

Haya. Palikuwa na Bi Nguchiro. Binti yake aliolewa mbali, nchi ya nne, na huko akajifungua. Habari ilipomfikia, Bi Nguchiro alifunga kanga mbili na unga wa uji kwenye keria, akapanda baiskeli, akaenda peke yake. Alitaka kumpakata mjukuu kabla ya arobaini kwisha.

Kacha-kacha-kacha, akaingia nchi ya Tumbili.

"Mama, mumeo yuko wapi?" wakamuuliza.

"Hajui baiskeli," akajibu, akapita.

Kacha-kacha-kacha, akaingia nchi ya Swala.

"Mama, peke yako huogopi?"

"Naogopa mteremko usio na breki," akajibu, akapita.

Kacha-kacha-kacha, akaingia nchi ya Kifaru. Hapo palikuwa na mlima, na chini ya mlima alikaa Kifaru mwenyewe. Pembeni yake palikuwa na kikapu cha ndizi, miwa na njugu, vyote alivyowanyang'anya wapita njia.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Shuka. Baiskeli hiyo ni yangu."

Bi Nguchiro akautazama mlima. Akamtazama Kifaru. Kwa miguu asingewahi arobaini.

"Alhamdulillahi!" akasema. "Kumbe bwana harusi ni wewe?"

"Bwana harusi wa nani?"

"Wa huyu baiskeli. Ni mwari wangu, mimi ndiye somo wake niliyemfunda. Nampeleka kwa mume, na mume umejitokeza. Nyumba iko wapi?"

"Kileleni."

"Basi sukuma. Desturi unaijua: somo habanduki kwa mwari mpaka mlangoni."

Kifaru hakuijua, lakini hakutaka kuonekana mshamba.

"Nani asiyejua hilo?" akasema. Akajitwika kikapu, akaanza kusukuma. Hu! Hu! Hu! Bi Nguchiro amekaa juu, kanga begani, anapiga vigelegele.

Kona ya kwanza, Bi Nguchiro akabana breki. Kiii!

"Mbona imekwama?"

"Bi harusi amegoma. Anataka ndizi."

"Baiskeli inakula ndizi?"

"Ana haya mbele ya mume. Namlia mimi."

Kifaru akatoa ndizi. Hu! Hu! Hu!

Kona ya pili, kiii!

"Nini tena?"

"Anataka muwa."

Kifaru akatoa muwa. Hu! Hu! Hu!

Kona ya tatu, kiii!

"Usiniambie. Njugu."

"Eh! Mmeanza kuelewana."

"Bi harusi huyu ana tamaa!"

"Si umempenda mwenyewe, bwana? Nani kakulazimisha?"

Wakafika kileleni. Kifaru jasho linamchuruzika, kikapu kitupu.

"Sasa geukia nyumba yako," akasema Bi Nguchiro. "Bwana harusi hamchungulii mwari akivishwa. Ukisikia kengele, karibu."

Kifaru akageuka. Akasimama wima, akajifuta uso, akajiweka sawa.

Kriiing!

"Nije?"

"Njoo!" Sauti ilitoka mbali, chini kabisa, upande wa pili wa mlima.

Kifaru akageuka tena. Pale palikuwa na maganda ya ndizi. Huko chini Bi Nguchiro alikuwa anavuka daraja la mpakani, kanga zinapepea, breki hajaigusa.

Jioni ile alikuwa amempakata mjukuu, uji uko jikoni. Binti yake akauliza, "Mama, ule mlima umeupandaje?"

"Nilikaa," akajibu.

Ngano yangu imefika. Mwenye kiu apewe maji, mwenye swali akalale nalo.

Na funzo ni hili, wanangu, mlishike sana: mwanamke asisafiri peke yake. Lazima awepo mwanamume wa kumsukuma.