Bi Mwanjaa na Bustani ya Vijana

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na nini?
— Pakawa na jembe!
Jembe la nani?
— La mwenye mkono!
Basi nipeni masikio, mikono kaeni nayo.

Zamani, kabla bibi yangu hajazaliwa, palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na Bi Mwanjaa. Mboga zote zilitoka uani kwake. Mwenye mgeni, kwa Bi Mwanjaa. Mwenye mgonjwa, kwa Bi Mwanjaa. Mwenye harusi, kwa Bi Mwanjaa. Hakutoza kitu. Alichotaka ni kusifiwa tu, na alisifiwa mpaka akashiba.

Siku moja msichana mmoja, jina lake Tunu, akakusanya vijana wenzake kumi na mmoja. Akawaambia, "Lile jaa la nyuma ya soko tulifanye bustani ya wote. Kila mtu achume, asiombe." Hakuna aliyelipwa. Wakazoa taka, wakalima, wakapanda. Watu wakipita wanasema, "Hongereni, wanetu!"

Hizo hongera, ndugu zangu, zilimchoma Bi Mwanjaa. Alikuwa na wivu huyo! Chakula hakipiti, chai chungu. Akawa anaimba peke yake:

Hongera zangu wamezichukua!
Hongera zangu nitazirudisha!

Mchana, vijana walipokwenda kula, akabeba ndoo ya majivu na samadi mbichi. Mwaa, juu ya miche! "Iungue yote!" Alasiri ikashuka mvua kubwa, ikazamisha kila kitu ardhini. Wiki haikuisha, mchicha ukanenepa, majani mapana kama sahani.

Imbeni nami!

Hongera zangu wamezichukua!
Hongera zangu nitazirudisha!

Mchana mwingine akaja na kisu. Akakata ncha zote za maboga. "Yafe yote!" Enyi akina mama mnaopika majani ya maboga, mnacheka nini? Ndiyo, mnajua. Ukikata ncha moja, yanachipua mengine pembeni. Yakachipua.

Mara ya tatu akafungulia bata wake. "Wale majani yote!" Bata wakawaona konokono waliokuwa wakitafuna mboga, na bata akiona konokono hana habari na jani. Wakala konokono mpaka wakashindwa kutembea.

"Jamani," vijana wakasema, "kuna mtu anatusaidia kwa siri!"

Tunu akawatazama wale bata walioshiba. Kijiji kizima mwenye bata alikuwa mmoja tu, na Tunu hakuwa mjinga.

Siku ya mavuno watu wakajaa. Tunu akasimama. "Kuna aliyemwaga mbolea, akakata maboga, akaleta bata. Bustani hii tutaiita kwa jina lake. Ajitokeze!"

Akasimama Mzee Shekue. Shekue! Mtu ambaye jembe alilijua kwa kuukalia mpini. Akakohoa. "Ni mimi, wanangu. Sikutaka makuu."

Nani alimtuma? Mtazameni Tunu anavyouma midomo asicheke.

"Hongera, Mzee Shekue!" Makofi, vigelegele. Bi Mwanjaa akavumilia hongera ya kwanza. Akavumilia ya pili. Ya tatu ikamshinda.

"Mwongo!" akaruka. "Samadi nimemwaga mimi, ili miche iungue! Maboga nimekata mimi, ili yafe! Bata ni wangu, nilitaka wasibakize jani! Huyu Shekue hajawahi kubeba hata kata ya maji!"

Watu wote wakamgeukia. Bi Mwanjaa akaziba mdomo kwa mikono miwili, lakini maneno yalikwisha kutoka.

"Kumbe aliyetulimia ni wivu," Tunu akasema. "Haya, jina nimeahidi, jina natoa. Bustani hii itaitwa Wivuni. Nawe, bibi, kesho uje utufundishe kukata maboga. Ila uje tukuone."

Akaenda? Akaenda! Angekaaje nyumbani, na Shekue alikwisha sema atafundisha yeye? Akafundisha, tena vizuri, kila siku mpaka uzee wake. Na jioni akirudi na kikapu kichwani, watoto humkimbilia kumwamkia.

"Shikamoo, bibi! Unatoka wapi?"

"Marahaba," hujibu, macho chini. "Natoka Wivuni."

Ngano yangu nimeivuna yote. Tamu chukueni nyinyi, chungu nitaila mwenyewe.