Zimwi Lililopiga Hodi

Sogeeni, wanangu, aliye nyuma amguse wa mbele. Mwanakombo alikuwa mama kijana mwenye haya, na wifi yake, Bi Riziki, ndiye aliyemwambia kwanza habari za zimwi linalokula watoto.

"Huiga sauti za watu, lakini haliingii mpaka uitikie hodi yake," alisema. "Nawe kwa adabu zako, utalikaribisha na kitoweo. Leo shika ukili wa mkeka. Suka mpaka ukili ukushike wewe."

Alasiri Mwanakombo akamlaza mwanawe mapajani, akasuka majani ya mkindu. Miyaa ya kijani, miyaa ya zambarau, juu, chini, juu.

"Hodi," ikaja sauti ya wifi yake. Mdomo ukafunguka, mwaa ukaponyoka. Akaurudisha, akasuka.

"Hodi, mwanangu," ikaja sauti ya mama yake, kwa mbali, kama ya ndotoni. Akasuka.

Hodi ya tatu hakuisikia kabisa. Ukili ulikuwa mto, ukiwachukua taratibu yeye na mwanawe.

Zimwi likabisha mpaka likakauka koo. "Nyumba gani hii isiyo na adabu," likanung'unika, likaenda zake.

Asubuhi yake Mwanakombo alimbeba mwanawe, akaenda kwa mama yake kumwomba radhi, isije ikawa ile hodi ilikuwa yake kweli.