Kwa Nini Aliyewahi Kuugua Surua Ndiye Humwuguza Mwenye Surua

Acheni kuning'inia dirishani, wajukuu zangu. Mwenzenu Rukia ana surua, na chumbani ataingia shangazi yenu Mwanahamisi tu. Msininunie. Kaeni niwaambie desturi hii ilitoka wapi.

Kulikuwa na wakati surua ilimrudia mtu kila mwaka, na mama wa mtoto aliyepona hakuthubutu kufurahi. Damuni mwa watu walikaa wahunzi wadogo wasioonekana, wenye kazi ya kufua makoleo ya kumshikia adui. Lakini wote walifua umbo moja, lenye mdomo mpana. Surua alikuja amevaa joho la miiba iliyopinda. Koleo lilimgusa, likateleza, naye akapita zake akicheka. Watoto walikufa, jamani, walikufa sana.

Ndipo wahunzi wakakubaliana kila mmoja afue umbo lake, bila kungoja adui aje ndipo apimwe. Wakafua midomo ya kila namna na wakachekana kweli kweli. Aliyechekwa kuliko wote ni Sikudhani, maana koleo lake lilipinda vibaya.

"We Sikudhani, hilo utamshikia nani?"

"Sijui," alijibu. "Akija tutajuana."

Surua akaja, akamwingia mtoto mmoja wa kike. Makoleo yakamgusa, yakateleza. La Sikudhani likakuta mwiba uliopinda vilevile, likauuma, halikuachia. Sikudhani akaita wasaidizi, wakafua mengine kama lile, maelfu kwa maelfu. Tanuri zao ziliwaka mpaka mwili wa mtoto ukachemka. Mama yake alimkumbatia akilia, asijue kuwa moto ule ulikuwa wa kumwokoa. Surua akashikwa kila mwiba, akashindwa kusogea, na walinzi wa damuni wakamla. Mtoto akafumbua macho, akaomba uji.

Sikudhani hakulisahau umbo lile. Surua alipomwangusha mdogo wake yule mtoto, dada mtu alikaa naye, akamlisha, akalala naye mkeka mmoja. Surua akijaribu kumwingia tena dada, alikuta makoleo yanamngoja mlangoni.

Na tangu siku hiyo surua haimrudii aliyepona, na aliyeugua ndiye humwuguza mgonjwa. Shangazi yenu aliugua akiwa mdogo kuliko ninyi. Alichemka kifuani pangu hapa, nami nililia kama yule mama. Leo namsikia humo ndani akimwimbia Rukia, na moyo wangu umetulia.

Haya, nani atanikokea moto? Tupike uji. Rukia ataamka auombe.